Mgeni mlangoni alijuaje kwamba nyumba yangu ni daraja E?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, katika nyumba ya matofali ya zamani iliyobanwa katikati ya safu. Tuliinunua mwaka 2017. Wiki iliyopita aligonga kijana mwenye tableti, kavaa fulana ya nembo, akaniambia: "Nyumba yenu ni daraja E, mnastahili kuvishwa ukuta wa nje tabaka la kuzuia baridi, bure kabisa, tia sahihi hapa." Sikutia. Lakini alijuaje ni E wakati mimi mwenyewe sikumbuki? Na kweli tunastahili? Tuna watoto watatu, hatupokei Universal Credit, ile posho ya serikali ya wenye kipato kidogo, na mishahara yetu miwili kwa pamoja ni kama pauni 34,000 kwa mwaka kabla ya makato. Boila tulibadilisha 2019. Chumba cha nyuma kinaota kuvu kila baridi ikiingia. Jirani ananishauri siku ya ukaguzi nirudishe balbu za zamani ili daraja lisipande. Halafu mdogo wangu amepanga Birmingham, nyumba yake ni barafu tupu. Yeye afanyeje?

Marahaba dada. Umefanya vyema kuufunga mlango kabla ya kuifungua kalamu.

Kijana yule hakuwa na siri yoyote. Cheti cha nishati cha nyumba, hiki kinachoitwa EPC, kinachoipa nyumba daraja kuanzia A hadi G, huingizwa kwenye daftari la serikali lililo wazi kwa kila mtu mtandaoni. Ukiandika posikodi yako kwenye tovuti ya gov.uk, unaletewa orodha ya nyumba za mtaa mzima: hii D, ile E, ile ya pembeni F, pamoja na tarehe ambayo kila cheti kitaisha muda. Hulipi kitu na huulizwi jina. Wauzaji huipitia orodha hiyo, wakachagua mitaa yenye E nyingi, wakavaa fulana na kuanza kugonga. Kwa hiyo alipokutajia daraja lako alikuwa amesoma tu. Hakuna ofisi iliyomtuma kwa sababu ya nyumba yako.

Basi na wewe ukisome cheti chako, maana nusu ya majibu unayoniuliza yamo humo. Umeniletea ujumbe wako bila cheti, lakini nimekwishakagua nyumba nyingi za safu za miji ya Midlands, huku katikati ya England, na najua nitakachokikuta: ukuta wa tofali usio na kitu, dari yenye sufi kidogo ya kuzuia joto lisitoroke au isiyo nayo kabisa, boila ya gesi, na alama zinazochezea hapo kwenye hamsini. Alama huanzia 1. Kuanzia 39 hadi 54 ni E. Kuanzia 55 hadi 68 ni D. Ukifika 69 umeingia C, na mpaka huo wa 68 na 69 uukumbuke, maana ndio unaowaingiza watu kwenye ruzuku na kuwatoa. Chini ya 39 ni F, chini ya 21 ni G. Juu kabisa, A huanzia 92.

Watu wengi hudhani alama hizo ni za usafi wa hewa, au ni za bili wanayolipa. Si hivyo. Ni makadirio ya gharama ya kupasha joto, kuchemsha maji na kuwasha taa kwa kila mita ya mraba ya nyumba, yakihesabiwa kana kwamba humo anaishi mtu wa kufikirika ambaye sebule yake huwa nyuzi 21 kwa saa zilizopangwa. Hesabu hiyo haikujui wewe. Haijui kwamba mnalala watano, wala kwamba mwezi wa kwanza mnazima rejeta saa tatu usiku na kujifunika mablanketi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na bili ndogo kwenye nyumba ya F kwa sababu tu anavumilia baridi, na mwingine akalia na bili kwenye nyumba ya C. Na kwa kuwa kipimo ni gharama, nyumba inayopashwa joto kwa hita za umeme za kawaida hupigwa alama za chini hata kama kuta zake ni nzuri, kwa sababu umeme wa hapa ni ghali kuliko gesi mara kadhaa.

Sasa ukifungua cheti, nenda moja kwa moja palipoandikwa habari za kuta. Mara nyingi utaona neno "assumed", yaani mkaguzi amekisia. Kazi yetu hairuhusu kutoboa ukuta wala kung'oa mbao za sakafu. Tunapima vyumba, tunachungulia darini, tunasoma jina la boila, tunatazama madirisha, na tangu tarehe 15 Juni 2025, ulipoanza utaratibu mpya wa ukaguzi, madirisha tunayapima moja moja badala ya kuyakisia. Tusichokiona na kisicho na karatasi, kompyuta hukijaza yenyewe kwa kufuata umri wa nyumba. Fundi akiwa amekujazia sufi chini ya sakafu na huna hata risiti, kwenye cheti sufi hiyo haipo. Nimewahi kufika kwa mzee mmoja aliyekuwa na hakika kwamba ukuta wake ulijazwa zamani. Hakuwa na dhamana, hakuwa na barua. Tulikuja kuikuta dhamana yenyewe ndani ya bahasha ya picha za harusi, nami nilikuwa nimekwishavaa viatu kuondoka. Basi karatasi za madirisha, za boila na za paa ziweke mahali pamoja.

Ukuta wako mwenyewe unaweza kuutambua bila mkaguzi. Toka nje uangalie matofali. Yakiwa yote yamelala kwa ubavu, marefu matupu safu baada ya safu, aghalabu huo ni ukuta wa kuta mbili zenye uwazi katikati. Ukiona refu, fupi, refu, fupi, basi yale mafupi ni vichwa vya matofali yaliyolazwa kukatiza ukuta, na ukuta huo ni mzima, hauna uwazi wa kujazwa chochote. Kisha pima unene pale mlangoni: chini ya sentimita 26 hivi ni ukuta mzima. Nyumba za safu zilizojengwa Leicester enzi za viwanda vya soksi na viatu ni za namna hii karibu zote. Ukuta mzima unaweza kupitisha joto hata mara mbili ya ule wenye uwazi, na hapo ndipo kijana wa fulana anapopatia chambo chake.

(Kwa kupita tu: mji huohuo wa Leicester ndiko walikofikia Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Nilipokuwa mgeni, mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi aliniuliza kwa Kiswahili fasaha kama natafuta misumari ya mabati. Nikajua nimefika nyumbani kwa mlango wa nyuma.)

Jingine la kukiangalia ni tarehe. Cheti hudumu miaka 10. Kama nyumba iliuziwa kwenu 2017, cheti chenu ni cha wakati huo au cha nyuma kidogo, na hakijui habari za boila ya 2019. Maana yake ni kwamba E uliyotajiwa ni picha ya nyumba iliyokuwapo kabla yenu. Ikikaguliwa leo, boila mpya peke yake yaweza kuisogeza hadi D. Usiogope kupanda huko. Kwa ruzuku ninayotaka kukuelekeza, D, E, F na G zote zinakubaliwa, na ukuta mzima usiovishwa kitu pamoja na dari nyembamba si rahisi kufika 69.

Tufike kwenye ruzuku. Ruzuku za hapa zina mizani miwili: nyumba na watu waliomo. Cheti hupima nyumba peke yake. Kwa hiyo kijana aliyekuambia "nyumba yenu ni E, kwa hiyo mnastahili" alikuwa amesoma nusu ya ukurasa. Majirani wawili wenye E zilezile, mmoja anaweza kupata pauni elfu kadhaa na mwingine asipate hata balbu.

Mlango unaokufaa kwa England unaitwa Warm Homes: Local Grant. Ulifunguliwa mwaka 2025 na umepangwa kwenda hadi Machi 2028. Fedha zinatoka serikali kuu, lakini mgawaji ni kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, na si kila kaunsili imo, ndiyo maana jambo la kwanza ni kuandika posikodi yako kwenye ukurasa wa serikali wa mpango huo na kuona unaelekezwa kwa nani. Nyumba iwe ya mtu binafsi, ya kumiliki au ya kupanga kwa mwenye nyumba binafsi, na iwe daraja D kushuka chini. Kwa upande wa watu kuna njia tatu, na moja ikitosha imetosha. Ya kwanza ni posikodi: mitaa iliyoorodheshwa kuwa na kipato duni hupita bila kuonyesha hati za mshahara. Ya pili ni mtu wa nyumba hiyo kupokea posho zinazotolewa kwa kuangalia kipato, kama Universal Credit. Ya tatu ni pato la kaya lisilozidi pauni 36,000 kwa mwaka kabla ya makato. Nyie mmesema 34,000. Mmo.

Hata mngekuwa na 37,000 nisingewaambia mkae nyumbani, kwa kuwa kuna hesabu nyingine inayotazama kinachobaki baada ya gharama za makazi na idadi ya vinywa mezani. Wengi wetu hujihukumu wenyewe kabla ya kuuliza. Lakini tahadhari moja, na hii si kwako tu bali kwa yeyote atakayesoma hapa akiwa bado na viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma: Universal Credit ni fedha za umma. Usiiombe ili upate njia ya pili ya ruzuku, ukaja kuharibu makaratasi yako ya ukaazi kwa ajili ya sufi ya dari. Kwanza zungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Kiasi chenyewe si haba. Kuna hadi pauni 15,000 kwa kazi za kuzuia joto lisitoroke na nyinginezo za kupunguza bili, na hadi pauni 15,000 nyingine kwa mfumo wa joto usiochoma mafuta wala gesi, kama pampu ya joto. Boila mpya ya gesi hamtapewa, hata mkililia. Tena hivyo ni viwango vya juu kabisa, hakuna atakayekukabidhi mkononi. Kaunsili hutuma mkaguzi wake, akaandika nyumba inahitaji nini, kisha ikamtuma fundi. Huchagui fundi wala siku ya kuanza, na subira inahitajika.

Kuhusu ECO4, jina ambalo pengine kijana wako alilitaja: huo ni mpango tofauti, ambao kampuni kubwa za gesi na umeme zililazimishwa kuugharimia, ukianzia 2022. Katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba haitauendeleza. Mwenzake, Great British Insulation Scheme, ulipangwa kuishia Machi 2026. Kwa hiyo wauzaji wengi waliojazana mitaani walikuwa wanakimbizana na saa. Mtu anayekuambia "leo ni siku ya mwisho" huenda hata hasemi uongo, lakini siku ya mwisho ni yake, si yako.

Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana milango yao na masharti yao, kwa hiyo kama una shemeji Cardiff, kule Wales, asiyachukue haya ya England akaenda nayo dirishani.

Balbu za jirani. Nimecheka, lakini nimekwishaziona. Niliwahi kukuta nyumba ambayo kila soketi ya taa ina balbu ya kizamani inayong'aa kama jua la Tanga, na sanduku la LED limesahauliwa juu ya friji. Taa huchangia alama moja au mbili hivi kati ya mia. Kama uko 52 hazitakupeleka popote, ukiziweka au ukizitoa. Na kumwonyesha mkaguzi nyumba isiyo yako ili upate fedha za serikali lina jina lake kwa lugha zote mbili. Waache wenye balbu zao.

Sasa kuvu, kwa sababu hapa ndipo ninapoomba unisikilize kuliko kote.

Unaikumbuka glasi ya maji ya barafu juu ya meza ya baraza, inavyotoka jasho nje? Maji yale hayakupenya kwenye kioo. Ni unyevu wa hewa uliogusa kitu baridi ukageuka maji. Ukuta wa chumba chako cha nyuma ni ile glasi. Ndani mnapumua watano, mnaoga, mnachemsha maharage saa mbili, mnaanika nguo juu ya rejeta kwa kuwa nje kuna mvua. Unyevu wote huo hutafuta mahali baridi kuliko pote, na mahali hapo ni pembe ya chumba cha nyuma chenye kuta mbili za nje, nyuma ya kabati ambako hewa haipiti. Kuvu humea hapo. Kuna pia uwezekano wa maji ya nje: mfereji wa paa uliokatika, bomba linalovuja, saruji iliyotoka kati ya matofali. Hiyo huacha doa linalokua baada ya mvua, sio baada ya baridi. Chunguza ni ipi kati ya hizo kabla ya yote.

Sisi tuliolelewa pwani tumezoea nyumba inayopumua. Matundu juu ya milango, ua katikati, madirisha ya mbao, upepo wa kusi unaingia huku na kutokea kule. Hapa fundi anakuja na kazi iliyo kinyume: anaziba. Na kuziba ni sahihi, maana hapa tunalinda joto. Lakini ukiziba bila kuacha njia maalumu ya hewa chafu kutoka, unyevu ule wa maharage na nguo hauna pa kwenda, na kuvu iliyokuwa chumba kimoja inatembelea vyumba vyote.

Na si nadharia. Oktoba 2025 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza ilitoa ripoti juu ya kuta zilizovishwa chini ya ECO4 na ule mwenzake. Kwa nyumba zilizovishwa ukuta wa nje, asilimia 98 zilionekana kuwa na kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa, za aina ya kuleta unyevu na kuvu zikiachwa. Kwa zilizovishwa ukuta kwa ndani, asilimia 29. Soma tena hiyo ya kwanza, dada: 98. Ndiyo kazi hasa ambayo yule kijana alitaka uitilie sahihi ukiwa umesimama mlangoni na mtoto mkononi.

Sisemi kwamba kuvisha ukuta ni kubaya. Ukuta mzima uliovishwa vizuri ni neema, na takriban theluthi moja ya joto linalopotea kwenye nyumba isiyovishwa hupitia kutani. Ila ni kazi ya fundi mwenye subira. Pale paa linapokutana na ukuta mpya, pale dirishani, pale bomba la maji ya mvua linapohamishwa na kurudishwa, kila kiungo ni mlango wa maji kikikosewa. Nyumba ya safu ina tatizo lake zaidi: ukuta wako wa mbele ukinenepa sentimita kumi, unamsogelea mpita njia, na pale unapoishia kwa jirani panabaki ngazi ya ukuta. Kuvisha kwa ndani kunakula chumba, na chumba cha watoto watatu hakina sentimita za kutoa sadaka.

Kwa hiyo mimi, kama ni nyumba yangu, ningeanza juu. Robo hivi ya joto hupanda ikatokea paani. Panda darini na tochi na rula. Kina kinachopendekezwa cha sufi ni milimita 270, yaani rula ya shule kasoro sentimita tatu. Nyumba nyingi ninazoingia zina 100, zimelala kati ya mbao, zimekanyagwa na masanduku ya nguo za watoto. Tabaka la pili hulazwa kukatiza la kwanza. Kingo za paa zisizibwe, hewa ipite, la sivyo unaihamishia kuvu kwenye mbao za paa. Na mfuniko wa kupandia darini usiusahau: nimeona dari ya milimita 300 yenye mfuniko wa ubao mtupu, na upepo unacheka pale.

Kisha feni za kutoa hewa, jikoni na bafuni, zinazofanya kazi kweli. Weka karatasi ya chooni kwenye feni ikiwa imewashwa. Isiponata, feni hiyo ni pambo. Kisha nyufa za milango na dohani la zamani ambalo halitumiki. Lakini kuna matundu usiyaguse: yale matofali yenye vitobo chini kabisa ya ukuta wa nje. Hayo yanapitisha hewa chini ya sakafu ya mbao. Watu wanayaziba kwa matambara kila baridi, wanaona ujanja, na baada ya miaka mbao za sakafu zinaoza taratibu gizani. Ukitaka miguu isipate baridi, sufi iwekwe chini ya mbao zenyewe, si kuziba matundu.

Ukuta uje baadaye, kupitia kaunsili, baada ya mkaguzi wa nyumba nzima kuandika mpango wenye sehemu ya hewa ndani yake. Kazi za ruzuku lazima zifuate kanuni iitwayo PAS 2035, na fundi awe amesajiliwa TrustMark, orodha ya mafundi inayotambuliwa na serikali. Huhitaji kuijua kanuni hiyo. Uliza tu: "Mpango wa kuingiza na kutoa hewa uko ukurasa gani?" Fundi mwenye mpango atakufungulia ukurasa. Asiye nao ataanza kukusifia uzuri wa nyumba yako.

Kuhusu kijana akirudi, na atarudi. Usimpe namba ya National Insurance, usimpe ya benki, usitie kidole kwenye tableti yake. Mwombe jina la kampuni kwa maandishi, funga mlango kwa adabu, litafute kwenye orodha ya TrustMark, halafu mpigie mtu wa kaunsili anayeshughulikia ruzuku umwulize kama wanamtambua. Binti mmoja wa jamaa zangu alitia sahihi kwa kampuni moja, isiyo na haja ya kutajwa, akivutwa na neno "bure". Walikuja siku mbili, wakang'oa bomba la maji ya mvua, wakaondoka. Miezi minne ukuta wake ulikunywa maji ya Midlands.

Pampu ya joto nitaigusa kidogo kwa kuwa hujaniuliza. Mwenye kipato chochote katika England na Wales anaweza kupunguziwa pauni 7,500 kupitia Boiler Upgrade Scheme, na anayeomba ni fundi, si wewe. Lakini boila yenu ni ya 2019, bado ina miaka, na pampu katika nyumba inayovuja ni kama kuteka maji kwa pakacha. Ikiwa mtalipia chochote kutoka mfukoni, kama sufi ya dari, jueni kwamba kodi ya VAT kwa kazi za namna hii katika nyumba za kuishi ni sifuri hadi Machi 2027, fundi akikuuzia na kukufungia mwenyewe. Ukinunua dukani ukaifunga wewe, unalipa kodi kamili. Ichunguze risiti.

Mdogo wako wa Birmingham ana nguvu kuliko anavyodhani. Kwanza naye atazame daftari lilelile kwa posikodi yake. Tangu tarehe 1 Aprili 2020, nyumba ya kupangisha ya mtu binafsi katika England na Wales hairuhusiwi kuwa F wala G, labda mwenye nyumba awe amesajili sababu ya msamaha, mfano kwamba kazi zote zinazowezekana kwa pauni 3,500 zimefanyika na bado haijafika E. Akikuta F na hakuna msamaha uliosajiliwa, kaunsili ndiyo yenye rungu, na faini yaweza kufika pauni 5,000. Akikuta hakuna cheti kabisa, hilo nalo aghalabu ni kosa la mwenye nyumba.

Lakini nisingemwanzishia vita. Mpangaji wa kipato kidogo anaweza kuomba ileile Warm Homes: Local Grant, mradi mwenye nyumba akubali. Na hapa kuna tamu ya kumshawishi: nyumba ya kwanza ya mwenye nyumba hugharimiwa yote na ruzuku, zinazofuata, yeye huchangia nusu. Amwandikie barua fupi, kwa barua pepe ili ibaki na tarehe, amwambie nyumba yako yaweza kutengenezwa bila wewe kutoa senti, nahitaji ridhaa yako tu. Wengi hukubali wakisikia neno hilo la mwisho. Kama analipia umeme kwa mita ya kujaza mapema, ile inayofanana na LUKU yetu, aandike kila siku anatumia kiasi gani kwa wiki mbili za baridi. Karatasi hiyo huzungumza vizuri mbele ya mtu wa kaunsili kuliko malalamiko.

Wewe anza leo jioni na posikodi. Ukishakifungua cheti, nitumie mambo matatu: alama, kile kilichoandikwa mbele ya ukuta, na kile kilichoandikwa mbele ya dari. Na upande ule darini uniambie rula imesoma ngapi.